Waliolisamehe Jicho la Mwende

Nyinyi mnaoitwa kazini kwa simu, haya ni yenu. Mwenye nafasi asome, asiye na nafasi asomewe na mwenzake wakianika nguo. Sikuandika niwafurahishe. Kazi ya kuwaeleza watu haki zao kazini nimeifanya tangu meno yangu yote yako kinywani, na sasa yamesalia ya kutafunia wali tu. Nikiweka upande mmoja niliowasaidia, na upande wa pili walioniponyoka, mizani yalala upande wa pili. Sitaficha. Kuficha ni kazi ya wale wanaowaleteeni semina, wakawapa fulana na soda, wakapiga picha na nyinyi, wakaenda zao.

Jina langu ni Mwanamisi, ila watu wa Ukunda huniita Shangazi, hata wazee wenzangu. Nilisoma mpaka darasa la nne, baba akasema yatosha. Nyumba ya mawe nimeijenga mwenyewe, watoto nimewalea mwenyewe, na sijampigia magoti mume wala meneja. Mkiona maneno yangu makali, jueni sijakasirika. Ndivyo nilivyo.

Nilianzia dobi, katika hoteli moja ya Diani. Mashuka, mataulo, vitambaa vya meza, mvuke mpaka nyusi zinalowa. Aliyenifunza haya yote ni marehemu Katana, Mgiriama mmoja aliyekuwa akipiga pasi mashuka. Katana alikuwa na kikohozi na kitabu cha sheria kilichochanika jalada. Mashine zikinguruma alikuwa akitusomea kwa kupiga kelele, kama muadhini. Ndiye aliyetwambia kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo mpaka mwezi ukatimia, sheria haimtambui tena kuwa kibarua. Ashakuwa mfanyakazi wa mwezi, ana likizo yake, ana ilani yake kabla ya kuachishwa.

Mameneja walilijua hilo kabla yetu. Ndiyo maana mwezi ukikaribia kwisha utasikia, "Mama, pumzika kidogo, tutakuita." Tulipumzishwa hata hatujachoka. Mwenzangu mmoja, Nyamvula, alipopumzishwa alirudi kesho yake asubuhi, akavaa yunifomu, akaingia vyumbani, akaanza kutandika vitanda. Msimamizi akamfuata. Nyamvula akazunguka kitanda, msimamizi naye akazunguka, na katikati yuko Mjerumani amelala fofofo, ameshika mto. "Nimekuja kumaliza mwezi wangu!" Nyamvula apiga kelele. "Toka!" "Sitoki mpaka shuka hili nilitandike!" Mjerumani akaamka, akaomba chai. Tulicheka mwaka mzima. Nyamvula hakurudishwa kazini, lakini tulicheka.

Katana alikuwa na mafunzo yasiyokuwamo kitabuni. Alisema, "Ukienda kwa meneja usianze na 'naomba'. Ukiomba umempa ruhusa ya kukunyima. Sema 'nimekuja kuuliza'." Na akasema, "Ukikaribishwa kiti, kaa. Usikae ncha kama kunguru anayetaka kuruka." Nimekaa vizuri katika viti vingi vya mameneja kwa ajili ya maneno hayo. Na hospitali, alisema, ukiumia kazini mwambie daktari kwa kinywa chako, "Nimeumia kazini," ili liandikwe hivyo. Ukisema umeanguka tu, basi umeanguka tu.

Siku hizo bosi tulimwona. Ana tumbo, ana gari, ana mahali pake pa kuegesha. Ukitaka kugombana naye wajua pa kusimama. Nyinyi leo mwagombana na nani? Kotej, hizi nyumba za kukodishia watalii, zimejaa kutoka Diani mpaka karibu na Msambweni, wenyewe wako ng'ambo, wageni wajiwekea nafasi kwa simu, na funguo anazo kijana mmoja wa hapa hapa aitwaye msimamizi. Kijana huyo hana ofisi. Ana grupu kwenye simu. Akiandika, "Kotej mbili, wanawake watatu, sasa hivi," wa kwanza kujibu "Nipo" ndiye mwenye kazi. Nimewaona wanawake wamefunga simu kwenye ncha ya leso, karibu na matiti, kama wanavyofunga mtoto. Mmoja nimemwona kwenye foleni ya kliniki, mtoto ana homa, ajibu "Nipo".

Tena wamewaambia kwamba nyinyi si wafanyakazi, nyinyi ni mabosi wenyewe. Mkalipenda neno hilo! Mwanasha, binti wa jirani yangu, alikuja kwangu anajishebedua.

"Shangazi, hayo mambo yako ya chama na leba ni ya zamani. Mimi sina bosi. Nikitaka naenda, nikitaka siendi."

"Vyema, bosi. Kesho waweza kuingia saa nne badala ya saa mbili?"

"La! Rama atanitoa kwenye grupu."

"Na lile vazi la kijani ulilovaa, umelichagua wewe?"

"Katupa Rama."

"Basi bosi nimeshamjua. Anaitwa Rama."

Akanuna, akanywa chai yangu hata hivyo. Hayo ndiyo maswali ya kujiuliza: nani akupangiaye saa, nani akuvishaye, nani awezaye kukwambia kesho usije. Ukimpata huyo, umempata mwajiri wako, hata akijiita rafiki, hata akikwita dada.

Sasa niwaambie habari ya Mwende, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwende alikuja kutoka Kitui, msichana mrefu, mwenye kucheka kwa sauti. Alipanga chumba kwa kaka yangu, Bakari, ambaye ni mkubwa kwangu kwa baba na mama mmoja. Siku ya kwanza Kaka alimuuliza, "Una nani hapa?" Mwende akasema hana mtu. Kaka akamwambia, "Basi mimi ndiye baba yako. Likikupata jambo, nimelipata mimi." Ndivyo tulivyo sisi, mgeni hakai bila wa kumsimamia. Wala hakusema ya mdomoni tu. Mwende akichelewa kurudi, Kaka hulala mlango hajautia komeo. Wakipika samaki, bakuli lake latoka kwanza. Naye akimwita Baba kwa ile lafudhi yake ya Kikamba mpaka wapangaji wanacheka.

Mwende alikuwa grupu moja na Mwanasha, wote chini ya Rama. Rama alikuwa amemwachisha kazi mtu wa bwawa la kuogelea, akasema wanawake wataliangalia bwawa pia, kwani ni maji tu. Hakuna glavu, hakuna miwani. Asubuhi moja Mwende akawa amimina asidi ya bwawa kwenye ndoo, ikamrukia jicho la kushoto.

Likimpata mwenzenu, mpelekeni bombani, maji safi yapite jichoni kwa muda mrefu, mrefu kuliko mnavyodhani, kisha hospitali mbio. Rama alimpa kitambaa. Akamwambia apite mlango wa nyuma, kwani wageni washafika langoni. Mwanasha ndiye aliyempeleka Msambweni, kwa bodaboda, ameishika ile nguo ya kijani usoni mwake.

Daktari akasema jicho laweza kuokolewa, lakini apelekwe Mombasa kwa bingwa wa macho, na upesi. Jambo la kugharimia matibabu sheria imelimaliza: ukiumia kazini, ni juu ya mwajiri. Rama alipopigiwa simu akasema, "Mwende yupi? Mimi sina wafanyakazi." Jioni hiyo akamtoa kwenye grupu. Na grupu yenyewe alikuwa ameiweka ijifute maneno kila siku. Kwa hivyo pigeni picha maneno mnayoitiwa kazini, leo hii, kabla hamjalala. Mwende hakuwa na picha hata moja.

Alikuja kwangu jicho limefungwa bandeji, nusu ya uso imevimba.

"Mathe," akaniambia, "sasa mimi nilikuwa job ama sikuwa job?"

"Ulikuwa kazini, mwanangu."

"Na mbona wanasema sikuwa?"

"Jumatatu tutapanda Kwale, ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya kazi. Wataka mtu mmoja tu aseme ulifanya kazi kwa Rama."

Mwanasha alikuwapo, akasema atakuja, na wenzake wawili. Akala yamini. Nikalala nikiona jambo limekaa sawa. Wallahi niliona limekaa sawa.

Jumapili baada ya alasiri nilipita kwa Kaka kumwona mgonjwa. Nikakuta viatu vingi mlangoni. Viatu vya wazee, makubadhi, na jozi moja ya viatu vyeupe vya barubaru. Nikajua. Nikavuta pazia nikasikia "Amin". Mikono inashuka kutoka usoni. Rama amekaa chini, kichwa kimeinama, mbele yake wazee watatu wa ukoo wake na sinia ya halua. Pembeni mfuko wa sukari na doti ya leso. Kaka yangu machozi yanamtoka.

Nyuma ya nyumba, Mwende alikuwa na wanawake, anamimina kahawa kwenye vikombe. Yeye, mwenye jicho, ndiye aliyekuwa akiwapikia kahawa.

"Mathe, kuna nini kwani? Nimeambiwa kuna wageni wa Baba."

Nikarudi mbele.

"Kaka, mwafanya nini?"

"Karibu, mdogo wangu. Rama kaja na wazee wake kuomba radhi. Tumeyamaliza."

"Mumeyamaliza na nani? Mwenyewe yuko jikoni!"

"Mimi ndiye baba yake hapa."

Mzee mmoja akasema, "Bi mkubwa, fatiha ishasomwa." Kama mtu anayekwambia duka lishafungwa. Rama akaondoka akinibusu mkono. Nikaufuta kwenye leso, akaniona.

Walipokwisha kwenda nilimkalia Kaka uso kwa uso. Nilimuuliza Rama amesema nini hasa. Akaniambia kwa furaha: "Kasema, 'Baba, binti yetu ameumia kazini kwetu, nasi tumekosa.' Kijana kajishusha, Mwanamisi. Wangapi siku hizi hujishusha?"

"Na Mombasa atampeleka?"

"Kasema Mungu akijaalia."

"Kaka, ingekuwa ni jicho la Saumu, mwanao wa kuzaa, ungesamehe?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "La Saumu ningesamehe haraka zaidi. La Mwende nimelifikiri kwanza."

Hapo ndipo nilipoogopa. Watu waliopewa hongo nimeshawashinda wengi. Kaka hakuhongwa. Ile sukari aliigawa kwa wapangaji usiku ule ule. Aliyasema yale kwa moyo safi, na moyo safi sijui dawa yake.

Jumatatu tulisubiri stendi, mimi na Mwende. Mwanasha hakuja. Nikamfuata kwao, nikamkuta anasuka nywele za mtoto.

"Twende, gari linajaa."

"Shangazi, yameshasomewa dua. Nikienda kuyafukua nitaonekanaje? Baba kanikataza."

"Wewe ndiye uliyemshika jicho kwa nguo yako."

Akainamisha kichwa. Machozi yakamtoka, sisemi hakuwa na huruma. Simu ikalia kwenye ncha ya leso yake. Vidole vikaandika kabla macho hayajakauka. Sikuhitaji kusoma alichoandika.

Ofisi ya leba tulimkuta kijana mpole, mtu wa bara, aliyetuamkia shikamoo na kutupa viti. Tukakaa vizuri. Aliandika kila kitu. Cheti cha hospitali kilisema ameumia kazini, kwa kuwa nilimfunza Mwende aseme hivyo. Lakini kazini kwa nani? Akampigia simu Rama, akamwita aje siku iliyofuata. Rama alikuja na mzee mmoja, na nyuma yao, kanzu imepigwa pasi, kaka yangu.

Rama akasema kwa upole, "Huyu dada tunamjua. Ni mpangaji wa Mzee. Alikuja kuwatembelea rafiki zake pale kotej, akapata ajali. Tulikwenda kumpa pole kama majirani. Mzee huyu hapa."

Yule kijana wa leba akamgeukia Kaka. "Mzee wangu, walipokuja kwako, walisema aliumia akifanya nini?"

Neno moja tu. Alikuwa nalo kinywani, nililisikia kwake mwenyewe siku ile. Mimi nilichosikia ni "Amin" tu, nami siwezi kuapa kwa nilichosimuliwa. Mwende alimtazama kwa lile jicho moja, akasema taratibu, "Baba, waambie tu."

Kaka akasema, "Mwanangu, maneno ya kikao cha radhi ni amana. Hayatoki nje. Mtu kaja kwangu amejivua nguo, nimpeleke serikalini akiwa uchi?"

"Mzee, sikulazimishi. Lakini binti huyu atapoteza."

"Ningekuwa nina chochote ningempa. Hilo sina haki ya kulitoa."

"Kaka!" nikasema. "Jicho ulikuwa na haki nalo?"

Yule mzee wao akaniambia, "Mwanamke, punguza sauti." Nikamwambia aipunguze yeye, kwani mimi sauti yangu sikuiazima kwa mtu. Mwende akanishika mkono. Alikuwa ameshasimama.

Yule kijana hakuifunga kesi. Alisema tukipata shahidi hata mmoja kabla ya mwaka kwisha, turudi. Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walijificha ndani, naona miguu chini ya pazia. Wengine walinipa kahawa, wakanisikiliza mpaka mwisho, wakasema, "Kweli Shangazi, ni dhuluma," kisha wakasema yameshasomewa. Wote walijua. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikuwa na adabu.

Jicho halikungoja mwaka. Tulikusanya pesa tukampeleka Mombasa, tukachelewa. Bingwa alisema lile la kushoto basi. Mwende alirudi Kitui na begi lile lile alilokuja nalo. Kaka alimbebea mpaka stendi, akamsomea dua ya safari, akampa tende za njiani. Mwende akazipokea kwa mikono miwili. Hakumwita Baba.

Mwajua niliyopigania yote? Likizo za wajawazito, ilani, viatu vya jikoni, mapumziko ya chakula. Nilishinda baadhi. Nikaona sheria ni ukuta, ukishaujenga umekwisha. Sasa naona mameneja wa zamani walikuwa wajinga, walitupiga wazi tukawaona. Akina Rama wametoka kwetu. Wanazijua nyumba zetu, wanajua nani ni mkwe wa nani, wanajua tusiloweza kulikataa. Hawavunji sheria mbele ya hakimu. Wanaileta ife magotini petu, na sisi twaizika kwa heshima zote. Dua sina ugomvi nayo, naswali kuliko wengi wao. Ugomvi wangu ni na anayeikimbilia kabla ya kwenda hospitali.

Mwaka huu Kaka ameanza kudhoofika. Idi iliyopita nilimkuta barazani, amekaa na simu pajani.

"Mwanamisi, yule mwanangu wa Kitui hapigi simu. Hata Idi. Nimemkosea nini?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilimtazama, mzee wa watu, ameoga, amejipaka mafuta mazuri, angoja simu kwa moyo mmoja. Nikamwambia labda mtandao.

Basi wanangu, nanyi mliotoka Kitui na Kinango na Kisii mkapangishwa vyumba na watu wema: ukiumia kazini, utamwona mwenye nyumba wako akija na wazee, na halua, na machozi ya kweli. Waambie, "Nimewasikia, lakini kwanza leba, kisha radhi." Wakikwita mtovu wa adabu, itika. Na ikiwa aliyekuja na wazee hao ni mimi, uzee umenilegeza, nimesahau niliyoyaandika hapa, basi nifungieni mlango.

Lakini nawajua. Mtafungua, tena mtanipa kiti.